Ramani ya Mtindi Mgongoni mwa Zulia

Jikoni kwa Ralitsa kulikuwa na zulia lililotundikwa ukutani kinyume: maua yaliangalia ukuta, mgongo uliangalia watu. Kila mgeni aliyeingia aliuliza, na kila mara Bibi Tsona, mavyaa wake, ndiye aliyewahi kujibu.

"Zulia langu hilo, nilikuja nalo nilipoolewa. Nililifuma majira mazima ya baridi, maua sitini na manne. Sasa bibi harusi wetu kaona kinachopendeza ni mgongo."

Alimwita bibi harusi bado, ingawa harusi ilikuwa imetimiza miaka saba na Bozhura, binti yao, alikuwa na miaka mitano na jino moja linalotikisika. Ralitsa hakukasirika. Alijua kwamba mavyaa wake alilitoa zulia lile sandukuni mwenyewe, akalikung'uta vumbi uani, akalikabidhi bila kuombwa mara mbili. Kunung'unika kulikuja baadaye, kama chumvi inavyokuja baada ya chakula kuiva.

Mgongoni mwa zulia kulikuwa na vikadi vyeupe vilivyobanwa kwa pini, kila kimoja na jina la jambo moja: MAZIWA, JOTO, PAKITI, MBEGU, VIJIDUDU VYA MVIRINGO, VIJIDUDU VYA FIMBO, SUKARI YA MAZIWA, UCHACHU, KUGANDA, USAFI, MUDA. Kule mwisho kabisa, upande wa kulia karibu na jiko, kilikuwapo kikadi kikubwa kuliko vyote: MTINDI. Kutoka kikadi hadi kikadi zilipita nyuzi za sufu, nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, na katikati ya kila uzi palining'inia kibendera cha karatasi chenye neno moja au mawili. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani. Ralitsa alikuwa ameitengeneza kwa wiki tatu, na Alhamisi ile saa kumi na mbili jioni alitakiwa kuieleza mbele ya watu watatu.

Ralitsa alikuwa mwosha makopo katika kiwanda cha maziwa cha mji wao mdogo wa Vrabchevo. Zamu yake ilianza saa kumi alfajiri. Bozhura alipoamka, mto wa mama ulikuwa umeshapoa zamani. Aliyemvalisha soksi alikuwa bibi, aliyemsuka nywele alikuwa bibi, na bibi alisuka kwa nguvu kama anayefunga gunia. Baba mtu, Zhivko, alifanya kazi kwenye mashua za mizigo za mto Danyubu na alirudi kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo asubuhi za nyumba ile hazikuwa na mzazi. Siku moja mwalimu wa chekechea aliwauliza watoto wazazi wao wako wapi. Bozhura akajibu, "Mama yangu anaishi kwenye maziwa." Walimu walicheka, na Ralitsa aliposimuliwa alicheka pia. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akalia kidogo.

Maabara ya kiwanda ilikuwa na nafasi moja. Kazi ya maabara ilianza saa mbili asubuhi, wakati mtoto ameshasukwa, ameshakunywa chai na ameshafikishwa chekechea na mama yake mwenyewe. Mkuu wa maabara, Bwana Hristozov, alikuwa amemwambia waziwazi: "Lete cheti cha masomo ya jioni, koti jeupe linakungoja. Usipoleta kufikia mwezi wa nne, nitamchukua mwingine." Mtihani wa cheti ulikuwa huo wa Alhamisi.

Mwalimu wa masomo ya jioni, Bi Evdokia, mstaafu wa viwanda vitatu vya maziwa, hakupenda watu waliokariri. "Kukariri hata kasuku anakariri," alisema, "na bado hajui kutengeneza mtindi." Mtihani wake ulikuwa huu: uje na ramani ya mambo unayoyajua, uitundike, uieleze. Ramani ya kwanza aliyochora Ralitsa ilikuwa karatasini, miduara kumi na miwili safi iliyounganishwa kwa rula. Bi Evdokia aliiangalia, akamrudishia.

"Hii ni orodha umeivalisha miduara, binti. Nisomee hapa. Maziwa, halafu kuna mstari, halafu joto. Mstari unasema nini?"

"Hausemi kitu, mwalimu. Ni mstari tu."

"Mstari usiosema kitu ni mkwaruzo. Maziwa yanafanya nini na joto? Yameoana? Yamegombana?"

Darasa lilicheka. Ognyan, dereva wa basi wa zamani aliyekaa dawati la nyuma, akasema, "Mwalimu, ya kwangu inasema: maziwa, vituo vitano, mtindi."

"Yako nimeiona. Imekosa tu ratiba."

Basi Ralitsa akaanza kutafuta maneno ya mistari, na hapo ndipo alipogundua kwamba vitu alivijua vyote, ila mambo yaliyo kati ya kitu na kitu hakuyajua. Aliandika, akafuta, akaandika, mpaka karatasi ikatoboka. Ilikuwa mwisho wa Februari. Bibi Tsona alikuwa amekaa karibu na jiko akisokota martenitsa za mtaa mzima, nyuzi za sufu nyekundu na nyeupe ambazo kila mtu huvaa mkononi tarehe moja Machi, akazivua siku atakapomwona korongo wa kwanza na kuzifunga kwenye mti wa matunda pamoja na ombi lake. Mfuko mzima wa uzi uliosokotwa ulibaki. Ralitsa akautazama mfuko, akaitazama karatasi iliyotoboka. Uzi haufutwi. Uzi unahamishwa tu. Kesho yake akaomba zulia.

Tangu hapo ramani ilikwenda mbele. Jumanne ya mwisho alilikunja zulia, akalibeba begani hadi darasani, na Bi Evdokia alilizunguka mikono mgongoni.

"Nyuzi zinasema," alisema hatimaye. "Nzuri. Lakini kuna mmoja haupo."

"Upi, mwalimu?"

"Mrefu. Unavuka zulia zima. Sikwambii. Nikikwambia utakuwa uzi wangu."

Ralitsa alilala na zulia lile kichwani, akaamka nalo, akaosha makopo nalo. Hakuuona huo uzi.

Alhamisi aliposhuka kwenye basi la kiwanda ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua la Machi likiwaka huku upepo ukiuma masikio. Alipofungua geti aliuona mtufaha wa uani umevaa nyekundu na nyeupe kuanzia shina hadi matawi ya juu, mti ambao asubuhi ulikuwa uchi na vichipukizi tu. Bibi Tsona alikuwa kizingitini, aproni mbele, uso unang'aa.

"Amekuja!"

"Nani, mama?"

"Nani tena! Korongo! Katua kwenye nguzo ya umeme saa mbili asubuhi, mweupe kama daktari. Katoka Afrika bila pasipoti, kaja moja kwa moja mtaa wetu!"

"Nilimwona mimi kwanza!" Bozhura alitokea chini ya mkono wa bibi, kichwa kimesukwa misuko miwili iliyokakamaa. "Bibi alikuwa anatafuta miwani. Na chekechea sikwenda."

"Korongo ni korongo," Bibi Tsona alisema. "Chekechea iko kila siku."

Ralitsa alicheka, akambusu mtoto, akaingia jikoni kunawa mikono. Vikadi vilikuwa mahali pake vyote, kuanzia MAZIWA hadi MTINDI. Katikati yake hapakuwa na kitu. Hata uzi mmoja.

Maji yaliendelea kumwagika juu ya mikono yake.

"Mama," alisema polepole, "nyuzi za hapa ziko wapi?"

"Mtini!" Bibi Tsona alijibu kama mtu anayesubiri kushukuriwa. "Ungeziachaje ndani na korongo ameshatua? Nilizihesabu, bibi harusi. Thelathini na moja! Nikasema, masikini, kaweka moja kwa kila siku ya Machi ili afaulu, na sasa korongo kaja naye yuko kazini, nani atamfungia? Nimepanda ngazi na goti langu hili. Bozhura alikuwa ananipokeza."

Ralitsa akavuta kiti, akakaa.

"Mama. Ile ilikuwa ramani."

"Ramani ya wapi?"

"Ya mtindi."

"Mtindi unataka ramani?" Bibi Tsona alishangaa kweli. "Nani kapotea?"

"Ndiyo ya mtihani, mama. Wa leo jioni."

"Mtihani si hizo karatasi? Karatasi sikuzigusa! Nilijua shule ni karatasi. Tangu lini shule ikavaa martenitsa?"

Katika mji ule, na katika nchi ile yote, mtu akiona uzi mwekundu na mweupe mwezi wa Machi hafikirii kitu kingine. Aliukumbuka mfuko ule wa uzi, akaona kosa lilikuwa limeshaanza siku aliyoufungua.

"Na vibendera? Vikaratasi vidogo vya kwenye nyuzi?"

"Maandishi hayafungwi mtini, mvua ingeyala." Bibi Tsona alichukua chupa tupu ya mtindi kwenye rafu. Ndani yake vibendera vyote vilijaa, vimechanganyika kama maharage. "Nimekutunzia."

Ralitsa alichukua simu. Alikumbuka kupiga picha ya zulia wiki iliyopita. Picha ilikuwapo kweli: Bozhura amesimama mbele ya zulia na puto la siku ya kuzaliwa, anacheka, na kichwa chake na puto vimeziba ramani yote isipokuwa USAFI.

Akatoka nje, akaegemeza ngazi kwenye mtufaha, akapanda. Vidole vyake viligusa fundo la kwanza. Mavyaa alikuwa amelifunga mara mbili.

"Mama, usifungue!"

Bozhura alikuwa chini, ameshika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Mama anazihitaji, mpenzi. Ataazima tu."

"Haziazimwi! Ukifungua, ombi linatoka." Mdomo ulianza kutetemeka, na jino lake lile. "Na la kwangu litatoka. Sijui la kwangu ni lipi humo, bibi alikuwa anafunga haraka."

"Uliomba nini?"

"Halisemwi."

Ralitsa akashuka ngazi, akachuchumaa. Mtoto alifikiri kidogo, akaona kwamba sikio la mama si sawa na masikio ya watu, akaliegemea.

"Niamke nikukute."

Upepo ulipita mtini, nyuzi thelathini na moja zikacheza. Ralitsa alimkumbatia mwanawe mpaka misuko ikamchoma shingoni. Kisha akaichukua ngazi, akairudisha bandani.

Jikoni Bibi Tsona alikuwa amekaa, amejifunika uso kwa aproni.

"Nimekuharibia, mwanangu."

Miaka saba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Ralitsa alitaka kulia. Akaangalia saa ya ukutani badala yake.

"Una uzi wowote, mama? Rangi yoyote."

Bibi Tsona akashusha aproni. Akainuka, akaenda kwenye kikapu chake, akarudi na sweta la kijivu la Zhivko, ambalo alikuwa ameshalifuma mwili na mkono mmoja. Akaushika ule mkono, akautazama kwa huzuni, akavuta uzi. Mkono wa sweta ukaanza kufumuka mstari kwa mstari.

"Atavaa kizibao," alisema.

Wakakaa watatu mbele ya zulia. Kazi ya Bozhura ilikuwa kutoa kibendera kimoja kwenye chupa bila kuchungulia, kama bahati nasibu. Kazi ya Bibi Tsona ilikuwa kukata uzi. Ralitsa alisoma kibendera, na kabla ya kubana pini alijilazimisha kusema kwa sauti kinakaa kati ya nini na nini.

Cha kwanza kilisema *hula*. Nani hula nini? Alifumba macho.

"Vijidudu hula sukari ya maziwa."

"Mbu hao?" aliuliza Bozhura.

"Wadogo kuliko mbu. Huwaoni."

"Sasa unajuaje kama wanakula?"

"Kwa sababu maziwa yanakuwa machachu. Wakila, wanaacha uchachu." Akamsogezea chupa. "Tafuta kimoja kinachosema *huacha*, mpenzi."

"Bila kuchungulia?"

"Chungulia."

Kikapatikana. Cha tatu kilikuja chenyewe; akakisoma *humgandisha*, kisha akajirekebisha na kucheka, kwa kuwa maziwa si mtu: *huyagandisha*. Uchachu ukaenda KUGANDA. Nusu saa ikapita, na Ralitsa akatambua kwamba hakuwa akikumbuka zulia la zamani tena. Alikuwa akiyaona maziwa yenyewe. Vijidudu vya aina mbili, vya mviringo na vya fimbo, zamani alikuwa amevipa uzi mmoja mmoja kwenda kwenye sukari. Safari hii alisimama na uzi mkononi, akaongeza mwingine kati yavyo vyenyewe kwa vyenyewe, na kibendera kipya akaandika *hulishana*.

"Kama majirani," Bibi Tsona alisema. Alikuwa ameanza kusogeza kiti karibu.

*Hupozwa hadi* ndicho kilichoanzisha ugomvi.

"Maziwa hupozwa hadi digrii arobaini na nne," alisema Ralitsa.

"Hadi kidole," alisema Bibi Tsona.

"Kidole gani, mama?"

"Hiki cha mwisho. Unakitia, unahesabu hadi kumi. Ukiweza kufika kumi bila kutukana, tia mbegu ya kugandishia. Ukitukana kwenye sita, subiri."

"Kipimajoto kinasema arobaini na nne."

"Na kidole changu kinasema nini? Leta kipimajoto chako tuone nani muongo."

Walikileta. Wakachemsha bakuli la maziwa, wakalipoza, Bibi Tsona akatia kidole, akahesabu kwa utulivu wa padri hadi kumi. Kipimajoto kilisoma arobaini na tatu na nusu. Bozhura alipiga makofi. Ralitsa akaandika kikadi kipya, KIDOLE CHA BIBI, akakibana kando ya JOTO.

Saa tisa chupa ilikuwa tupu. Zulia lilikuwa limejaa tena, la kijivu safari hii. Bibi Tsona alisimama mbele yake, miwani puani, akalisoma kutoka kushoto hadi kulia akifuata kila uzi kwa ncha ya sindano ya kufumia. Alipofika mwisho alisimama kwenye kikadi kikubwa.

"Na hapa?"

"Hapo ndio mtindi, mama. Tumefika."

"Tumefika, halafu?"

"Halafu basi. Ndio mwisho."

"Mwisho wa nani?" Bibi Tsona alimgeukia kama aliyesikia tusi. "Na kijiko?"

"Kijiko gani?"

"Cha kesho! Mtindi wa nyumba hii nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa, kikombe kimoja kimefungwa kitambaa, nikaja nacho pamoja na zulia hili hili. Zulia mkononi, mtindi mapajani, mkokoteni ukiturusha-rusha. Naye aliupata kwa mama yake. Kila siku ninabakiza kijiko. Mkiula wote leo, kesho maziwa utayatia nini? Matumaini?"

Ralitsa aliangalia upande wa kushoto wa zulia, mbali kabisa, kwenye kikadi kilichosema MBEGU. Kiwandani mbegu ilikuja kwenye pakiti, kwa hiyo alikuwa amekiunganisha na PAKITI na kuridhika. Aliangalia tena MTINDI, kule kulia. Macho yake yakaenda, yakarudi. Mrefu. Unavuka zulia zima.

"Mama!" alipiga kelele, akamkamata mavyaa wake mashavu mawili, akambusu kwenye paji la uso hadi miwani ikapinda.

"Nimefanya nini tena?"

"Bozhura, kata uzi! Mrefu!"

"Umeisha," alisema Bozhura akionyesha kikapu. Mkono wa sweta ulikuwa umekwisha kabisa, na Bibi Tsona tayari alikuwa amelikumbatia sweta lililobaki kifuani.

Ndipo Ralitsa alipotazama mkono wake mwenyewe. Martenitsa yake ilikuwapo bado, ile aliyofungwa na Bozhura tarehe moja, ndefu kupita kiasi na kuzungushwa mara saba, kwa kuwa mfungaji hakujua kukata. Hakuwa ameivua. Yeye hakuwa amemwona korongo. Alikuwa ndani ya kiwanda na makopo.

"Huruhusiwi," Bozhura alimwonya.

"Basi nipeleke nikamwone."

Wakatoka mbio mpaka kona ya mtaa. Korongo alikuwa bado juu ya nguzo, mguu mmoja ameukunja, akiupanga upya mzigo wa vijiti vya mwaka jana kama mwenye nyumba aliyekuta wapangaji wamechafua. Akagonga mdomo wake, ta-ta-ta-ta-ta.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Sasa vua. Lakini ni wa mti!"

Walisimama wakajadiliana. Hatimaye Bozhura aliamua kwamba uzi unaweza kupita kwenye zulia kwanza, na kesho uende mtini, mradi ombi lishikiliwe mdomoni lisidondoke njiani. Ralitsa akaahidi kulishikilia.

Uzi ulipofunguliwa mizunguko yote saba ulitosha, na ukabaki kidogo. Kwenye kibendera chake aliandika: *hubakiza*.

Jioni ile Ognyan alitangulia. Alitoka jasho likimtiririka, akamnong'oneza Ralitsa mlangoni, "Nimefika kituo cha mwisho na abiria wote. Nenda." Ndani, mezani, walikaa Bi Evdokia, Bwana Hristozov wa maabara, na karani wa shule aliyekuwa akitafuta kalamu. Ralitsa alilitundika zulia kwenye ubao kwa vibanio vya nguo.

Alianza kwa sauti ndogo. Katikati ya maelezo kibendera kimoja kilidondoka, kikaelea hadi chini ya meza. Karani aliinama kukitafuta.

"Kiache," alisema Ralitsa. "Kilisema *huhitaji*. Vijidudu huhitaji muda. Saa tatu, nne ukivifunika blanketi." Akaendelea, na hakuligeukia zulia tena isipokuwa kwa kulinyooshea mkono.

Bwana Hristozov alisubiri amalize, akakuna masharubu.

"Nyuzi zote kijivu. Huu mmoja mbona ni martenitsa?"

"Kiwandani tunafungua pakiti," alisema Ralitsa. "Lakini aliyejaza pakiti aliitoa wapi ile mbegu? Ukirudi nyuma, ukirudi nyuma, unamkuta mtu aliyebakiza kijiko. Mimi niliweka mtindi mwishoni. Nilikosea. Mtindi wa leo hubakiza mbegu ya kesho. Huo uzi usipokuwapo, zulia zima linafanya kazi siku moja tu."

Bi Evdokia alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nani alikuonyesha?"

Ralitsa akasema kweli. "Mavyaa wangu. Baada ya kuchukua nyuzi zote thelathini na moja akazifunga mtini."

Ilibidi aeleze. Alipofika kwenye mkono wa sweta, karani alikuwa ameweka kalamu chini, na Bwana Hristozov alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanacheza. Alipojiweza tena alisema, "Jumatatu, saa mbili. Koti nitakutafutia dogo." Akaongeza, akilitazama zulia, "Na hili utatuachia tulitundike maabara."

"Haliachwi, bwana. Nikirudi nyumbani bila zulia, nitalala hapo hapo maabara."

Ijumaa jioni Ralitsa na Bozhura walilipeleka ombi mtini. Fundo alilifunga Bozhura mwenyewe, mara tatu. Zulia likarudi ukutani, na Bibi Tsona alipoulizwa kama ligeuzwe maua yawe mbele alisema liache tu kwanza, amezoea.

Jumatatu asubuhi Bozhura alifungua jicho moja. Kwa mazoea alinyoosha mkono kwenye mto wa pembeni. Ulikuwa na joto. Juu yake kulikuwa na nywele, na chini ya nywele kulikuwa na mama, macho wazi, akimwangalia. Alikuwa ameshamwangalia muda mrefu.

"Mbona upo?"

"Nimekungoja."

Mtoto alifikiri. Akasogea mpaka pua zikagusana.

"Leo unanisuka wewe?"

"Mimi."

"Polepole?"

"Polepole."

Alimsuka polepole, na jua lilikuwa limeshapanda ukutani alipofika msuko wa pili. Hapo ndipo sauti ya Bibi Tsona ilipopanda kutoka jikoni, na kifuniko cha bakuli kikagongwa mezani.

"Nani kamaliza mtindi wote? Hata kijiko hamkubakiza! Watu wana ramani ukuta mzima!"

Ralitsa alisimamisha msuko. Akamgeuza mwanawe taratibu kwa mabega. Juu ya mdomo wa Bozhura, chini kidogo ya pua, palikuwa na masharubu meupe yaliyokauka tangu jana.

"Bibi amebakiza kikombe kingine kabatini," Bozhura alinong'ona. "Nyuma ya sukari. Mimi najua."